Miksa ya Zamani, Mikono Mipya: Kuigeuza Kuwa Kidhibiti cha Programu ya Kurekodia

Ndugu mafundi wa sauti, maprodyuza, nanyi mliokuja kwa sababu tu kuna miksa kubwa imelala stoo ikishika vumbi: karibuni.

Jungu kuu halikosi ukoko. Miksa ya kidijitali iliyotoka kati ya 1995 na 2005 ilimgharimu mwenyewe pesa ya maana, na pesa hiyo ilikwenda pande mbili. Upande mmoja ni ubongo, yaani chipu za kuchakata sauti, ambazo leo kompyuta ya kawaida inazipita bila kutoka jasho. Upande wa pili ni mikono: vitelezi vyenye mota, vile tunavyopandishia na kushushia sauti, pamoja na vitufe vyenye taa na bodi nzito isiyotembea mezani ukiigusa. Ubongo umezeeka, mikono bado ina nguvu. Ndiyo maana watu wanataka kuitoa miksa kwenye kazi ya kuchanganya sauti na kuipa kazi ya kuiongoza programu ya kurekodia.

Hoja yetu leo ni moja. Mikono hiyo itakufaa ikiwa tu inasikia kama inavyosema. Kitelezi kinachotuma namba kwenda kompyuta lakini hakisogei programu inapobadilika hakitakusaidia. Utafungua traki nyingine, kitelezi kitabaki pale kilipokuwa, na ukikigusa tu sauti itaruka. Mazungumzo ya pande mbili ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni mapambo.

Basi tuanze na mashine iliyo mbele yako. Kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ina tabaka la rimoti ndani yake. Yamaha 01V96 ya mwaka 2003 ni mfano mzuri, na ndugu zake wakubwa 02R96, DM1000 na DM2000 wako hivyohivyo. Ukibonyeza kitufe cha tabaka hilo, vitelezi vinaiacha sauti ya ndani ya miksa na kuanza kuzungumza na kompyuta kwa lugha ya HUI, ambayo kampuni ya Mackie iliitengenezea Pro Tools, programu ya kurekodia, na programu nyingi zikaipokea baadaye. Aina ya pili haijui HUI, lakini inatuma na kupokea ujumbe wa kawaida wa MIDI (lugha ya vifaa vya muziki ya kupeana amri) wa kubadilisha thamani, ule tunaouita CC. Yamaha 02R ya 1995 na 01V ya 1998 ziko hapa. Hizi zinahitaji mkalimani. Aina ya tatu haitumi mwendo wa vitelezi kabisa, au inatuma na haipokei. Hiyo iache ifanye kazi iliyotengenezewa, au umuuzie mtu wa matamasha.

Namna ya kujua una aina gani haichukui dakika kumi. Toa kebo ya MIDI kwenye OUT ya miksa uipeleke IN ya kompyuta, na nyingine kinyume chake. Ndiyo, OUT huenda IN. Kosa hili hufanywa hata na watu wenye mvi. Kisha fungua programu ya kuonyesha ujumbe wa MIDI: MIDI-OX kwa Windows, MIDI Monitor kwa Mac, aseqdump kwa Linux. Sogeza kitelezi cha kwanza. Namba zikitiririka, miksa inasema. Sasa, kwa programu inayoweza kutuma MIDI, tuma ujumbe uleule urudi ukiwa na thamani tofauti. Kitelezi kikijisogeza chenyewe, inasikia pia, na safari imeanza.

Kama hakuna kinachotokea, usikimbilie kulaumu kebo. Ingia kwenye ukurasa wa MIDI wa miksa. Mara nyingi utakuta kutuma na kupokea CC kumezimwa, huku ujumbe wa Program Change umewashwa, kwa sababu watengenezaji walidhani utatumia MIDI kuita sini zilizohifadhiwa, yaani mipangilio kamili ya miksa, basi. Washa kutuma, washa kupokea, hakikisha namba ya chaneli ni ileile pande zote mbili. Na ukikuta mpangilio wa kurudisha nje kila kinachoingia, uzime. Ukibaki umewashwa, ujumbe utaenda kwenye programu, urudi, uende tena, na vitelezi vitatetemeka kama vimepata homa.

Kabla hatujaingia kwenye lugha, tazama afya ya mashine. Kuna betri ndogo ya kidonge ya volti 3 inayoshikilia kumbukumbu umeme ukizimwa. Ikifa, miksa huamka imesahau kila ulichoipangia, pamoja na huo ukurasa wa MIDI uliohangaika nao. Kabla ya kuibadilisha, mwaga kumbukumbu yote kwenda kompyuta kwa SysEx, yaani ujumbe mrefu wa MIDI wa mtengenezaji mwenyewe, na uihifadhi faili. Kwenye baadhi ya mashine betri imechomelewa kwa risasi kwenye bodi. Ukiitoa, chomelea kishikio mahali pake ili safari ijayo usihitaji tena pasi ya kuchomelea.

Vitelezi vinavyotetemeka hata kebo ikiwa haijachomekwa vina uchafu. Ndani ya kila kitelezi kuna njia ya plastiki yenye kupitisha umeme, na miksa husoma volti kwenye njia hiyo kujua kitelezi kiko wapi. Vumbi likikaa juu yake usomaji unaruka, miksa inadhani kitelezi kimeondoka mahali pake, inaiambia mota irekebishe, mota inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Dawa ni brashi laini na hewa ya kupuliza, mashine ikiwa imechomolewa. Usimwagie dawa ya kusafishia viunganishi yenye mafuta. Itayeyusha grisi iliyo kwenye vyuma vya kuongozea, kitelezi kitakuwa laini wiki moja kisha kitakwama. Ukishasafisha, fanya urekebishaji wa vitelezi kwa namna kitabu cha mashine kinavyoelekeza, maana bila hapo sifuri ya zamani na sifuri ya sasa hazilingani.

Haya, tuje kwenye lugha.

Wenye tabaka la rimoti, kazi yenu ni nyepesi ila ina mtego mmoja. HUI huhesabu chaneli nane nane. Kwa HUI, kifaa kimoja ni vitelezi nane, mwisho. Miksa yenye vitelezi 16 inajitambulisha kama vifaa viwili, na kila kimoja kinataka poti yake ya MIDI ndani ya kebo ileile ya USB. Kwa hiyo kwenye programu unaongeza HUI mara mbili: ya kwanza poti 1 kuingia na poti 1 kutoka, ya pili poti 2 na 2. Ukizipindua, kitelezi cha kwanza kitaendesha traki ya 9. Ukichanganya kuingia kwa moja na kutoka kwa nyingine, utasogeza kitelezi cha 1 na mota ya 9 ndiyo itakayocheza. Inachekesha mara ya kwanza tu.

Jambo jingine la HUI ni mapigo. Kila baada ya muda mfupi programu hutuma 90 00 00, na kifaa lazima kijibu 90 00 7F (namba za ujumbe hapa zimeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16). Jibu lisipofika, programu inaamua kifaa kimekufa na kuacha kukisikiliza. Kwa hiyo ukiona vitelezi vinafanya kazi sekunde chache kisha vinanyamaza, karibu kila mara njia moja kati ya mbili haipiti, na mara nyingi ni ile ya kutoka programu kuja miksa. Angalia pia draiva ya USB. Miksa za kizazi hiki zilitaka draiva maalumu ya mtengenezaji, na mfumo mpya wa uendeshaji unaweza kuikataa. Hapo rudi kwenye matundu ya MIDI ya pini tano, japo utabaki na poti moja, na kwa HUI poti moja ni vitelezi nane.

Wenye aina ya pili, kazi yenu ni ya mikono zaidi, na hapa ndipo tutakapokaa. Kati ya miksa na programu ya kurekodia tunaweka programu ya kutafsiri. Bome MIDI Translator Pro inafanya hivyo vizuri kwa Windows na Mac. Kwa upande wa pili wa mkalimani tunahitaji poti za MIDI zisizo na tundu, zinazoishi ndani ya kompyuta tu: Windows tumia loopMIDI, Mac washa IAC Driver iliyo ndani ya Audio MIDI Setup. Tengeneza poti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Poti moja kwa kazi zote mbili ni ile homa ya vitelezi tuliyoisema.

Lugha tunayoitafsiria ni Mackie Control, kwa sababu Reaper, Cubase, Logic, Studio One na Ardour zote zinaijua, na ujumbe wake ni rahisi kuandika kwa mkono. Pro Tools pekee ndiyo itakayokudai HUI.

Tuchukue kitelezi cha 3 tukifuate mpaka mwisho. Tuseme miksa, ukikifikisha karibu na juu, inatuma B0 03 64. Maana yake: chaneli ya 1 ya MIDI, CC namba 3, thamani 100, kwa kuwa 64 ya heksadesimali ni 100 ya kawaida. Mackie Control haitumii CC kwa vitelezi. Inatumia ujumbe wa kupinda noti, na kila kitelezi kina chaneli yake: cha 1 ni E0, cha 2 ni E1, cha 3 ni E2, mpaka cha 8 ambacho ni E7, na kitelezi kikuu ni E8. Baada ya hapo zinafuata baiti mbili za thamani, ndogo kwanza kisha kubwa.

Wengi huandika tafsiri hivi: E2 00 64. Inafanya kazi, na kasoro yake utaiona ukifikisha kitelezi juu kabisa. Thamani kubwa ya miksa ni 7F, kwa hiyo utatuma E2 00 7F, ambayo ni 16,256, wakati kilele cha Mackie Control ni 16,383. Kitelezi kimegonga chuma lakini programu haijafika mwisho wake. Rudia thamani ileile kwenye baiti zote mbili: E2 64 64, na juu kabisa E2 7F 7F. Sifuri inabaki sifuri, kilele kinafika kilele. Njia ya kurudi ni nyepesi: E2 ikija na baiti mbili, itupe ile ndogo, ichukue kubwa, tuma B0 03 na hiyo kubwa.

Sasa kidole. Kitelezi cha kifaa halisi cha Mackie Control kinajua kimeguswa, na hutuma habari hiyo: kitelezi cha 3 kikiguswa ni 90 6A 7F, kikiachwa ni 90 6A 00. Programu ikipata habari hiyo huacha kurudisha nafasi kwa muda huo, kwa hiyo mota haishindani na kidole. Miksa nyingi za zamani hazina hisia ya mguso. Usipomwambia mkalimani afanye kitu, utasogeza kitelezi, programu itajibu nafasi ya muda mfupi uliopita, mota itakuvuta nyuma. Kidole kinataka huku, mota inataka kule.

Kwa hiyo tunauigiza mguso. CC ya kwanza ya kitelezi cha 3 inapofika, mkalimani anatuma kwanza 90 6A 7F, ndipo atume E2. Kila CC mpya inaanzisha upya saa ya milisekunde 300. Saa ikiisha bila CC nyingine, anatuma 90 6A 00. Na katika muda huo wote anazuia E2 yoyote inayorudi isiifikie miksa. Kizuizi hicho kisahaulike, na kila kitu kingine kitakuwa bure.

Lakini uigizaji una mwisho wake. Ukishika kitelezi na kukituliza zaidi ya hizo milisekunde 300, programu itaamini umekiachia. Kama uko kwenye otomesheni, yaani programu ikiandika na kurudia miendo ya vitelezi, kwa hali ya Touch inayorudi kwenye mwendo wa zamani ukiachia, kitelezi kitakuchoropoka mkononi. Maoni yetu ni haya: kwa miksa isiyohisi mguso, andika otomesheni kwa hali ya Latch, ambayo inaendelea kuandika thamani ya mwisho mpaka usimamishe wimbo. Achana na Touch. Kuongeza saa iwe sekunde mbili hakutibu chochote, kunahamisha tu tatizo.

Na kwa wale ambao miksa zao zilikuwa zinahisi mguso lakini hazihisi tena: tazama vifuniko vya vitelezi. Hisia hupita kwenye kifuniko chenye kupitisha umeme. Mtu akiweka cha plastiki tupu badala ya kilichopotea, kitelezi kinakuwa kiziwi.

Vitufe vya kunyamazisha vina ugomvi wa aina yake. Kwenye miksa nyingi kitufe kinaitwa ON, na taa ikiwaka maana yake sauti inapita. Kwenye Mackie Control kitufe ni cha kunyamazisha, taa ikiwaka maana yake sauti imekatwa. Zaidi ya hapo, miksa hutuma hali, "sasa niko wazi", wakati Mackie Control hutuma tendo, "nimebonyezwa", na programu yenyewe ndiyo huamua hali. Kwa traki ya 3 tendo hilo ni 90 12 7F kisha 90 12 00. Ukitafsiri kila badiliko kuwa mbonyezo, siku moja utanyamazisha traki kwa kipanya, viwili hivyo vitapishana, na kuanzia hapo kitufe kitafanya kinyume cha taa yake. Dawa ni kumpa mkalimani kumbukumbu. Programu ikituma 90 12 7F kuwasha taa, mkalimani anaandika "traki 3 imenyamaza" na kuizima ON ya miksa. Miksa ikituma hali mpya, analinganisha kwanza. Ikiwa inalingana na alichoandika, hafanyi lolote. Ikitofautiana, ndipo anatuma mbonyezo.

Vitufe vya kuchagua traki ni kuanzia 18 ya heksadesimali, solo kuanzia 08, kuandaa kurekodi kuanzia 00. Kucheza na kusimamisha, usijichoshe kutafsiri kama miksa yako inatuma MMC, yaani amri za MIDI za kuendesha vinasa sauti: F0 7F 7F 06 02 F7 ni kucheza, na 01 mahali pa 02 ni kusimama. Programu nyingi zinaielewa moja kwa moja, iwashe tu. Kama haitumi, tafuta vitufe vinne usivyovitumia uvipe 5D kusimama, 5E kucheza, 5F kurekodi, 5B kurudi nyuma. Tunashauri uishie hapo. Tumeona watu wakijaribu kutafsiri kila kinobu cha ekwalaiza, na mwezi mzima baadaye wimbo hata mmoja haujarekodiwa.

Kuhusu kasi. MIDI ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti, ukihesabu biti yake ya kuanzia na ya kumalizia, ni biti 10. Ujumbe wa baiti tatu unachukua kama milisekunde moja. Vitelezi 16 vikisogea kwa pamoja ni karibu milisekunde 15 kwa mzunguko mmoja, na hiyo inavumilika. Kinachovunja njia ni mita za sauti na maandishi ya skrini ambayo programu inayatuma kwa kifaa kisicho na pa kuyaonyesha. Mwambie mkalimani ayameze: kila kinachoanza na D0, na kila SysEx inayoanza F0 00 00 66, kisivuke kwenda miksa. Nyaya za bei ya chini za USB kwenda MIDI nazo zina tabia ya kukata SysEx ndefu katikati, kwa sababu bafa zake, yaani kumbukumbu za muda, ni ndogo. Kwa kumwaga kumbukumbu ya miksa tumia kiunganishi cha heshima.

Thamani 128 kwenye milimita 100 ni hatua ya chini kidogo ya milimita moja. Karibu na juu ya kitelezi sikio halishtuki. Chini kabisa, ambako milimita chache zinabeba desibeli nyingi, hatua moja inasikika kama ngazi. Kufifisha mwisho wa wimbo polepole kufanyie kwa kipanya kwenye skrini. Si aibu.

Na zile namba za desibeli zilizochapwa kando ya vitelezi, zisahau. Kilele cha kitelezi ni +6 kwenye Logic, ni +12 kwenye Pro Tools, na miksa yako ilichapwa kwa hesabu zake. Weka traki kwenye sifuri ya programu, acha mota ipeleke kitelezi, kisha bandika utepe mwembamba mweupe pale kiliposimama. Utepe huo utakuambia ukweli kuliko rangi ya kiwandani.

Swali linalokuja kila mara: je, sauti nayo inaweza kupita humohumo? Inaweza, kama kuna ADAT, njia ya kidijitali ya kupitisha sauti kwa kebo ya mwanga: chaneli 8 kwa kilohezi 48, zinabaki 4 kwa 96. Ila mafahali wawili hawakai zizi moja. Saa ya kidijitali, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa sauti ya kidijitali, iwe moja, ama miksa ama kiunganishi cha kompyuta, na mwingine afuate. Zikiwa mbili utasikia vidonda vya sauti, tik, tik, kila baada ya sekunde chache. Na kwa aina ya pili kumbuka kwamba kitelezi bado kinashusha sauti ya ndani ya miksa hata kinapoongoza programu. Ukishusha desibeli 10, sauti imeshuka 10 kwenye programu na 10 nyingine kwenye miksa. Pitisha sauti kwenye chaneli ambazo hazina vitelezi vya kazi hii, au usiipitishe kabisa.

Mota hizi pia zina mlio. Maikrofoni ikiwa mita moja kutoka mezani, itauchukua. Unaporekodi mtu chumba kimoja na miksa, zima usomaji wa otomesheni.

La mwisho ni mpangilio wa kuwasha. Miksa kwanza; iache vitelezi vyake vipande na kushuka kujipima. Kisha mkalimani, ndipo programu ya kurekodia, kwa kuwa programu hutuma nafasi zote mara moja inapofungua kazi, na asiyekuwepo wakati huo hapati habari. Wakati wa kuzima ni kinyume. Programu nyingine zikifungwa hushusha vitelezi vyote hadi chini kwa pamoja. Subiri mlio wa mota ukome, ndipo ubonyeze swichi ya miksa.